Kiwanja cha mtaa hakiuzwi kabla ya wakaaji kuulizwa

Kuna uongo mmoja unaosemwa kila mara kiwanja cha mtaa kinapoanza kuwekwa mawe ya mipaka. Uongo wenyewe ni huu: hapo hapana kitu. Hapana nyumba, hapana duka, hapana mwenyewe. Ni nyasi tu, na watoto wanaopiga mpira. Kwa hiyo anayefika na karatasi na tepu ya kupimia hamwibii mtu. Asubuhi matofali yanashushwa, jioni ukuta umefika magotini, na wakaaji wakienda kumuuliza shefu wa mtaa, anawaambia kwamba hayo mambo yalipangwa na wakubwa na yeye hana neno.

Uongo huo hausemwi Kongo peke yake. Ulisemwa kwa miaka mingi Denver, mji mkuu wa jimbo la Colorado huko Marekani, juu ya uwanja wa gofu wa mtaa wa Park Hill. Lakini kule wakaaji waliukataa. Walizunguka na karatasi za sahihi, wakapiga kura mara mbili, na mwaka 2025 mji ukalazimika kuutafuta uwanja wote uwe bustani ya watu. Kisa kile kinafaa kusomwa polepole Lubumbashi, Bukavu, Kisangani na Kalemie. Wamarekani si watu wema kuliko wengine, na pesa pekee hazikuokoa ule uwanja. Uliokolewa na karatasi moja iliyoandikishwa mapema, na watu waliokataa karatasi hiyo ichanwe bila wao kuulizwa.

Uwanja wa Park Hill una hekta karibu 63, kaskazini-mashariki ya mji. Ulikuwa mali ya mfuko ulioachwa na tajiri mmoja wa Denver, George Clayton, aliyekufa mwaka 1899 na kuacha mali yake isaidie watoto yatima. Mwaka 1997, Wellington Webb akiwa meya, mji uliulipa mfuko ule dola milioni 2. Na hapa msomaji aangalie vizuri, maana ndipo kisa kilipoanzia. Mji haukununua udongo. Ulinunua ahadi: mwenye kiwanja anabaki mwenye kiwanja, lakini hakijengwi, kinabaki mahali pa wazi. Ahadi ile ikaandikishwa pamoja na kiwanja chenyewe, hata mtu mwingine akikinunua kesho, anakinunua pamoja na kifungo chake.

Mwisho wa mwaka 2018 watu wakaacha kucheza gofu pale. Mwaka 2019 kampuni ya kujenga majumba, Westside Investment Partners, ikakinunua kwa dola milioni 24. Kifungo kilikuwapo, na kila mtu alijua kipo. Kwa nini basi kulipa pesa zote hizo kwa ajili ya kiwanja kisichojengwa? Mtu hanunui mbuzi aliyefungwa kamba kwa watu isipokuwa anaamini mwenye kamba ataifungua. Na mwenye kamba ulikuwa mji. Wakaaji wa Park Hill walielewa mara moja kwamba hatari ilikuwa katika ofisi zao wenyewe kuliko kwa mnunuzi: wale waliopewa ahadi waitunze ndio wangeweza kuiuza.

Ndiyo sababu hawakuanza kwa kumtukana tajiri. Walikwenda kufunga mlango wa ofisi. Novemba 2021 walipeleka swali mbele ya wapigakura wa mji mzima: je, kifungo cha namna hii kiondolewe bila raia kupiga kura? Wengi walisema hapana. Kampuni nayo ilileta swali lake, lililotungwa ili Park Hill isiguswe na sheria hiyo mpya, likaanguka. Aprili 2023 swali lenyewe likafika: kifungo cha Park Hill kiondolewe, nyumba zijengwe? Karibu watu 6 kati ya 10 waliopiga kura walikataa. Upande uliotaka kujenga ulikuwa na pesa nyingi zaidi za kampeni, na meya wa wakati ule alikuwa pamoja nao. Haikusaidia.

Si haki kusema kwamba waliotaka kujenga hawakuwa na neno la maana. Walikuwa nalo. Denver nyumba ni ghali, na kaskazini-mashariki ya mji familia nyingi za Wamarekani Weusi zimeona kodi ikipanda mpaka watoto wao wanahama. Kampuni iliahidi nyumba za bei nafuu, duka la chakula ambalo mtaa ulikuwa umelikosa, hata na bustani kubwa ndani ya mradi. Kulikuwa na wakaaji wa Park Hill walioitaka ahadi hiyo kwa moyo safi, na majirani waligombana. Lakini nyumba inaweza kujengwa juu ya kiwanja cha gereji kilichofungwa, juu ya sehemu za kuegesha magari, juu ya bohari tupu. Hekta 63 za udongo ulio wazi katikati ya mji hazitengenezwi tena. Aliyebomoa ghorofa moja anaweza kujenga jingine. Ni nadra mji kubomoa mtaa mzima ili kurudisha nyasi.

Januari 2025 meya mpya, Mike Johnston, alitangaza mapatano: kampuni inatoa Park Hill, mji unaipa eneo lingine lenye ukubwa karibu sawa, mbali, karibu na uwanja wa ndege. Wakaaji walishangilia, na walikuwa na haki. Hata hivyo jambo moja linakera. Mji wa Denver umelipia nyasi zilezile mara mbili, kwanza kwa dola milioni 2, halafu kwa udongo. Kama mwaka 1997 ungenunua uwanja wote, au kama mwaka 2019 ungewahi kabla ya kampuni, gharama ingekuwa nyingine. Mji unaochelewa unalipa kwa bei ya mtu aliyewahi.

Sasa Kongo. Wengine watasema gofu ni mchezo wa wazungu na wakubwa, mkaaji wa Kamalondo au wa Kadutu anahusika nini nao? Na kweli Mkongo ana sababu ya kutoipenda gofu. Wakoloni walipopanga Léopoldville, uwanja wa gofu, bustani ya wanyama na bustani ya mimea viliwekwa kwenye ukanda uliotenga mji wa wazungu na mji wa Weusi. Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilikuwa nayo na ukanda wake mtupu kati ya katikati ya mji na Kamalondo. Walisema ni kwa ajili ya mbu na magonjwa. Zile nyasi zilikuwa ukuta, wenye rangi ya majani.

Lakini ukuta ule ulipoanguka mwaka 1960, udongo ulibaki. Nani alipaswa kuurithi? Watoto wa wale waliokatazwa kuukanyaga. Badala yake sehemu kubwa ya viwanja vya wazi katika miji ya Kongo imekatwa parseli moja moja: pembeni ya shule, nyuma ya soko, ukingoni mwa mto ambapo mtu yeyote mwenye macho anajua maji yatapita. Mvua inaponyesha Bukavu na mlima unashuka na nyumba za watu, kila mtu anasema "ujenzi wa ovyo", kana kwamba maskini aliamka usiku akajipa karatasi mwenyewe. Karatasi hutoka ofisini. Ina muhuri.

Na hapa ndipo Kongo inapoaibisha. Denver walilazimika kununua ahadi kwa sababu kwao udongo ni mali ya mtu. Kongo, sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema wazi kwamba udongo ni mali ya Serkali peke yake, hauuzwi wala haupotei kwa kukaliwa miaka mingi. Mtu anapewa haki ya kuutumia, basi. Sheria ile ile inasema kwamba udongo uliowekwa kwa matumizi ya watu wote, kama kiwanja cha michezo cha komini au bustani ya mji, hautolewi kwa mtu mpaka kwanza uondolewe katika matumizi hayo kwa njia iliyo halali. Na mkataba uliofanywa kinyume cha sheria hiyo ni bure. Hakuna haja ya kulipa dola milioni 2. Ile ahadi ambayo Park Hill walinunua, Mkongo alizaliwa nayo.

Hata viwanja vya klabu na vya makampuni havikutolewa milele. Haki ya kudumu hupewa Mkongo mwenyewe, si kampuni. Kampuni au klabu hupewa muda, na masharti ya kukitunza kiwanja na kukitumia kwa kazi iliyoandikwa. Kwa hiyo wakaaji wanaouliza kama mji uko na pesa ya kununua uwanja wa zamani wa kampuni fulani wanauliza swali la pili kabla ya la kwanza. La kwanza ni: mkataba unaisha lini, na masharti yamefuatwa? Kama muda umekwisha na kiwanja kimeachwa kiwe pori, mji hauna sababu ya kununua kitu. Unaomba kirudi.

Basi kwa nini viwanja vinaendelea kupotea? Kwa sababu Kongo ina karatasi ya Park Hill lakini haina kura ya Park Hill. Kukiondoa kiwanja mikononi mwa watu ni kazi ya sahihi moja, ndani ya ofisi moja, siku ambayo hakuna mkaaji aliyeitwa. Meya wa mji hakuchaguliwa na mtu wa mtaani. Aliteuliwa, na anajua ni nani anayeweza kumwondoa. Mfanyakazi wa kadasta anakaa miezi bila mshahara wa maana, na mbele yake amekaa mtu mwenye bahasha. Ajabu ingekuwa viwanja visipotee.

Tena saa inapiga. Mtu akishapata sertifika ya kuandikishwa, na ikipita miaka 2 bila yeyote kumshitaki, sheria inaifanya sertifika hiyo kuwa ngumu sana kuvunjwa. Wanaopora wanaijua hesabu hiyo vizuri kuliko wakaaji. Ndiyo sababu mara nyingine karatasi inatengenezwa kimya, na ukuta unakuja baadaye. Watoto wanaendelea kucheza juu ya kiwanja ambacho kimeshapewa mtu. Siku mawe yanaposhushwa, mwenye karatasi anatabasamu na kusema: nendeni mahakamani. Na Serkali ikitaka kukirudisha kwa nguvu kwa faida ya watu, Katiba inaitaka ilipe kwanza fidia ya haki. Hapo mji wa Kongo unajikuta mahali palepale pa Denver, unanunua kwa bei kubwa kile ulichokuwa nacho bure, ila bila pesa za Denver.

Desemba 2023, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, wakaaji wa komini za miji mikuu ya majimbo walipiga kura kuchagua washauri wa komini. Watu hao wana majina, wana mitaa, na picha zao zilibandikwa kwenye kuta zote. Wengi waliahidi barabara. Wachache sana waliahidi kitu kilicho katika uwezo wao kabisa: kuitisha orodha ya viwanja vyote vya watu ndani ya komini, kimoja kimoja, na ukubwa wake na mahali mipaka inapopita, na kuibandika ukutani mwa ofisi ya komini ambapo mama anayetoka sokoni anaweza kuisoma. Kiwanja kilichoandikwa ukutani ni kigumu kuuzwa usiku.

Orodha hiyo haihitaji sheria mpya kutoka Kinshasa wala msaada wa wazungu. Inahitaji mshauri mmoja aiombe kwa maandishi, na wakaaji kumi wamsindikize siku anapopeleka barua, wasubiri mpaka nakala yao igongwe muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe. Ofisi ikikataa kutoa orodha, basi wakaaji wameshajua kwamba kuna kiwanja ambacho hakitakiwi kiulizwe, na wakumbuke kwamba huenda ile miaka 2 imeshaanza kuhesabiwa.