Masaa mawili ya kitenge

Testi zinaninyanyasa. Leo nina dukuduku.

Jumamosi jioni wanakwaya tulikuwa na kikao hapa chuo. Ajenda moja tu, sare ya Pasaka. Kitenge cha bluu au zambarau? Masaa mawili! Mmoja akadai zambarau ni ya Kwaresima, haifai Pasaka, mwingine akasusa akatoka nje. Na mimi nilichangia, tena kwa sauti, sijifanyi malaika hapa.

Tulipotawanyika ndo nikamkuta dada mmoja wa sauti ya pili amekaa kwenye ngazi. Bumu lake halijaingia, hajala tangu jana. Muda wote ule alikuwa nyuma yetu, na tulimuuliza kitu kimoja tu: "We unapenda rangi gani?"

Usiku nikafungua Wakorintho wa Kwanza sura ya 11. Paulo anawachana watu wanaokusanyika kwa Chakula cha Bwana, halafu wenye nacho wanatangulia kula, wengine wanalewa kabisa, na maskini wamekaa hapo hapo na njaa yao. Na walikuja kusali, kama sisi! Kwa maoni yangu kitenge hakina kosa. Sisi tumeshiba, ndo maana tuna muda wa kubishania rangi.

Jumatano kikao kinaendelea. Nitaenda, ila hela yangu ya sare imeshageuka wali maharage wa yule dada mpaka bumu liingie. Wakinifukuza kwaya nitawajuza.