Hiyo "Mbwa Kali" yako inataka tu kukimbia

Tembea Buruburu, Umoja, Donholm ama Komarock uhesabu mageti yenye yameandikwa "Mbwa Kali". Utachoka kuhesabu. Sasa jiulize: ni mara ngapi umeona huyo mbwa mkali akitolewa nje mchana, kwa kamba, na mwenyewe? Mimi ni wa huku Eastlands na wale nimeona hawamalizi vidole vya mkono mmoja. Wengine wote wako kwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, ama juu kwa rufu ya fleti katikati ya matangi ya maji na nguo zimeanikwa, wakingoja usiku wafunguliwe walinde geti.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna wasee watakasirika. Kama umeleta mbwa mkubwa mtaani, awe German Shepherd, Rottweiler, Boerboel ama chotara wao, una deni lake la kukimbia, na unalilipa kila siku. Na kwa sababu wengi wetu hatuwezi kukimbia na mnyama wa kilo 35 mpaka yeye ndiye achoke, njia yenye inatufaa ni magurudumu. Baiskeli kwanza. Skeiti baadaye sana, na si kwa kila mtu.

Hebu angalia hawa mbwa walitoka wapi. German Shepherd alizalishwa Ujerumani kutembea na kondoo siku nzima. Rottweiler alikuwa anaswaga ng'ombe. Boerboel ni mbwa wa mashamba makubwa ya Afrika Kusini. Hakuna hata mmoja aliyetengenezewa maisha ya kibanda cha futi nne kwa sita. Ukimfungia huko masaa 14, ile nguvu haipotei. Inatoka kwa kubweka usiku kucha, kutafuna viatu, kuchimba, kuzunguka palepale kama kichaa, na siku akipata mwanya anamrukia mtu wa kwanza kumwona. Halafu tunasema "huyu ni mkali". Wengi wao wamechoshwa na kukaa tu.

Na si ati nasema kukimbia kunatibu kila kitu. Mbwa mwenye ameshawahi kuuma mtu anahitaji daktari wa mifugo, mkufunzi, na kifunga mdomo kila akitoka. Lakini mimi niko na chotara wa German Shepherd anaitwa Simba, na tofauti ya siku yenye amekimbia na siku yenye hajakimbia inajulikana mpaka na jirani wa ukuta wa pili. Siku amekimbia, usiku kuna kimya.

Kwa nini baiskeli kwanza? Kwa sababu iko na breki mbili, uko juu unaona mbele, na unaweza kuenda mwendo wa mbwa bila kuhangaika. Mwendo wa mbwa ni ule wa kukimbia polepole, miguu ikipishana, kama kilomita 10 hadi 15 kwa saa. Akianza kuruka kama farasi wa mashindano, wewe ndiye umezidisha. Punguza.

Mambo yenye huwezi kuruka ni haya. Kamba usifunge kwa usukani, hata kama unajiamini aje. Mbwa akiona paka, usukani unaenda na yeye na wewe unaenda na usukani. Kuna vyuma vya kufunga chini ya kiti vyenye vinamweka mbwa kando ya baiskeli. Kama huna, shika kamba mkononi bila kuizungusha kwa kifundo, ndiyo ikibidi uiachilie. Mvalishe hanesi, ule mshipi wa kifuani, kwa sababu kola inamkaba shingo. Na kwa sababu Kenya tunaendesha kushoto, mbwa akae kushoto kwako, upande wa ukingo. Wewe ndiye ukuta kati yake na matatu.

Tena, puppy haendi kwa baiskeli. Mbwa wakubwa mifupa yao inakomaa kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu, na ukimkimbiza kwa lami kabla ya hapo unaharibu viungo vyake. Mtembeze tu. Akifika umri, anza na dakika kumi, angalia nyayo zake mkirudi, halafu uongeze wiki kwa wiki. Usimlishe sahani kubwa ndiyo mtoke hapohapo. Na ukiona ulimi umetoka mpana, anabaki nyuma, ama anataka kulala chini, hiyo safari imeisha. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na joto likimzidi anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana saa ni muhimu. Weka mgongo wa mkono wako kwa lami sekunde saba. Kama unatoa mkono kabla sekunde ziishe, hiyo lami inachoma nyayo zake pia. Januari na Februari hiyo lami saa saba mchana ni sufuria. Asubuhi kabla jua kupanda, ama jioni ikishapoa, ndiyo saa yenu. Julai mko sawa, baridi ya Nairobi ni zawadi kwa mbwa mwenye manyoya.

Sasa tuongee skeiti, kwa sababu najua hapo ndipo wengi walikuwa wananingoja. Kila nikitaja Simba, lazima msee aniambie nirekodi video nikivutwa na yeye kwa Jogoo Road. Najua ingetrendi. Siwezi. Kwa nchi za theluji kuna michezo kamili ya mbwa kumvuta mtu kwa skii, na wakati hakuna theluji wanatumia baiskeli. Lakini hao wako kwa njia za msituni, na mbwa wao wamefunzwa kugeuka na kusimama kwa neno. Hapa kwetu kuna matuta, mashimo, nduthi inakuja upande mbaya, na makanga ananing'inia mlangoni. Ukiwa kwa skeiti breki yako ni kisigino ama mguu wa nyuma unaoburuta. Mbwa wa kilo 35 akivuta, hiyo breki ni hadithi. Na kuna watoto wa mtaa wanakuangalia, wale tayari wanashika lori kwa nyuma. Ukiwapa video kama hiyo, usijidanganye hawataiga.

Kwa hivyo msimamo wangu kuhusu skeiti: kwanza ujue kusimama bila kufikiria. Pili, mbwa ajue maneno manne, na ayafuate hata paka akipita: twende, polepole, simama, wacha. Mfunze mkitembea kwa miguu, mwezi mzima ikibidi. Tatu, iwe mahali pamefungwa hakuna magari, kama parking ya shule ama kanisa siku iko tupu, na umeomba ruhusa kwa soja. Helmeti, vilinda magoti na viganja. Mbwa akimbie kando yako, asikuvute. Ukikosa moja ya hizo, panda baiskeli.

Kuna upande mwingine wenye sisi wapenda mbwa hatupendi kusikia. Watu wanaogopa mbwa huku kwetu, na wana haki. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 99 ya kichaa cha mbwa kwa binadamu kinatoka kwa mbwa, na asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nacho ni watoto wa chini ya miaka 15. Kenya iliweka mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo vya huo ugonjwa kufikia 2030. Huo mpango unaanzia kwa chanjo ya mbwa wako, kila mwaka, na kadi uwe nayo. Mtu akiumwa, aoshe kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali hapo hapo. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili, karibu hakuna mtu hupona.

Kwa hivyo mama mboga akisema, "Kijana, shika hiyo umbwa yako!", jibu si "haumi, mama". Yeye hajui, na wewe pia huna uhakika. Jibu ni kusimama, kufupisha kamba, na kusema, "Pole mama, pita kwanza." Alfajiri kuna watu wanaenda msikitini wakiwa wameshatawadha, na wengi hawataki mate ya mbwa yawaguse. Wapishe mbali, hata kama ni kuvuka barabara. Watoto wa shule wakitokea, shuka kwa baiskeli utembee. Na beba mifuko ya kuokota kinyesi. Mbwa mwenye mtaa unamjua, anapita kila asubuhi kwa adabu, ni rahisi kuvumiliwa kuliko yule wanasikia tu sauti yake nyuma ya geti.

Shida yetu kubwa ni mahali. Outering ilipopanuliwa ilipata njia za miguu na baiskeli, lakini sehemu nyingi leo ni vibanda, nduthi zimepakiwa na magari yanaoshwa. Siwalaumu wanaotafuta riziki, lakini hiyo njia huwezi kuitumia na mbwa. Karura wanakubali mbwa kwa kamba, ila hiyo ni safari ya kuvuka mji mzima na kulipa kiingilio. Kwetu kuna viwanja kama Jacaranda, na udongo na nyasi ni bora kwa nyayo kuliko lami, kama utafika kabla mechi na mikutano kuanza. Kigali walianza 2016 kufunga barabara kadhaa kwa magari siku za Jumapili, na sasa ni Jumapili mbili kila mwezi, watu wanakimbia, wanaendesha baiskeli, wanaskeiti. MCA mwenye atatupatia hata masaa matatu ya Jumapili asubuhi kwa barabara moja ya Eastlands, kura yangu anayo. Tena si kwa ajili ya mbwa pekee, hata hao watoto wa kushika lori wangepata mahali.

Na kama unaishi Pipeline ghorofa ya saba, chumba kimoja, unatoka saa kumi na moja asubuhi na kurudi saa tatu usiku, tafadhali usinunue Rottweiler kwa sababu ya picha. Hakuna aibu kukosa mbwa. Chukua paka, ama umtembeze mbwa wa jirani mwenye hana muda.

Lakini kama tayari uko naye, na sasa hivi amefungwa nyuma ya nyumba, usingoje barabara ifungwe. Nunua hanesi kabla hujanunua baiskeli, angalia kadi ya chanjo ni ya lini, na kesho asubuhi mtoke kwa miguu dakika ishirini. Mfunze neno moja tu, "simama". Hayo mengine ya magurudumu yatafuata.