Mtoto Mwenye Usonji Naye Ahesabiwe

Wakazi wa Katumba, katika Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo mkoani Katavi, wanajua kuliko wengi maana ya kuhesabiwa. Wazee wao waliingia katika mapori ya Mpanda wakiyakimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi. Walipewa ardhi, wakafyeka pori, wakalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku, wakajilisha kwa jasho lao. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka thelathini waliendelea kuitwa wakimbizi. Ilibidi wangoje mpango wa uraia ulioanza mwaka 2007, ambao kwa huo watu wapatao 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikubaliwa kuwa Watanzania. Vyeti vyao vilianza kutolewa Oktoba 2014.

Mtu aliyewahi kungoja ahesabiwe hana budi kuuliza ni nani mwingine ambaye bado hajahesabiwa. Huenda yumo nyumbani mwake mwenyewe. Ni mtoto ambaye huitwa jina lake asigeuke, ingawa masikio yake yanasikia. Hanyooshi kidole kuonyesha akitakacho. Hupanga magunzi ya mahindi kwa mstari, na likisogezwa moja hulia muda mrefu. Wenzake wakicheza, yeye hukaa pembeni. Ngoma ikilia, huziba masikio. Hali hiyo ndiyo usonji. Haiambukizi, wala haitokani na laana. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, ambayo humfanya mtoto aone ugumu katika kuwasiliana na kuishi na watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Katika makazi yenye maelfu ya watu kama Katumba, hesabu hiyo haiwezi kuwa sifuri.

Kosa la kwanza katika malezi ya mtoto huyo ni kumtafuta mchawi. Mama huambiwa amelaaniwa, au jirani hunyoshewa kidole. Fedha za mavuno huishia kwa mganga, na miaka ya mwanzo, ambayo ndiyo yenye faida kubwa kwa mafunzo, hupotea bure. Asidhani mtu kwamba ujinga huo ni wa vijijini peke yake. Huko Marekani, Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto mjini Chicago, alitoa kitabu mwaka 1967 akidai kwamba usonji husababishwa na wazazi wasiompenda mtoto wao. Wasomi wengi walimwamini, na kina mama wakabebeshwa aibu isiyo yao. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wao juu ya mapacha wa Uingereza, ulioonyesha kwamba urithi wa kimaumbile una nafasi kubwa katika jambo hilo. Kwa hiyo mganga wa kijijini na msomi wa Chicago walifanya kosa lile lile: walimtafuta wa kumlaumu badala ya kumtazama mtoto.

Kosa la pili ni kumfungia ndani. Hapa haki itendeke: wazazi wengi wanaofanya hivyo si wakatili. Mvua zikianza, shamba halingoji, na mtoto asiyetambua hatari anaweza kupotelea porini au kutumbukia kisimani. Mama humfungia kwa hofu, si kwa chuki. Lakini mtoto anayefungiwa hapati nafasi ya kujifunza kuishi na watu. Atakapotoka akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, ana mwili wa kijana na hajui hata salamu, jamii itamwita kichaa, na mlango utafungwa tena kwa kufuli kubwa zaidi.

Dawa ya kuondoa usonji haipo. Yapo mafunzo, na mwalimu wa kwanza ni mzazi. Shirika la Afya Duniani limetayarisha mafunzo kwa ajili ya walezi wa watoto wa namna hiyo: vikao tisa vya pamoja na ziara tatu za nyumbani. Yanaweza kuendeshwa na watu wasio madaktari bingwa, na yamekwisha kujaribiwa katika nchi jirani ya Kenya na huko Ethiopia. Msingi wake ni kwamba mtoto hufundishwa katika michezo na kazi zile zile za kila siku. Basi, anayesema kwamba mkulima hana nafasi ya kumfundisha mtoto kama huyo, hajayaelewa mafunzo yenyewe.

Mahindi hupukuchuliwa katika kila nyumba. Mzazi aketi akielekeana na mtoto, atie punje kwenye beseni, kisha amwachie mtoto naye atie, akisema maneno machache tu: "Zamu ya mama. Zamu yako." Hapo mtoto anajifunza kupokezana, ambako ndiko mwanzo wa mazungumzo. Embe analolipenda liwekwe anapoliona asipolifikia, mzazi asubiri kidogo, na mtoto akinyoosha mkono apewe papo hapo kwa sifa. Kabla ya kwenda shamba aonyeshwe jembe, na kabla ya kwenda kisimani aonyeshwe ndoo, ili badiliko lisimshtue. Salamu aanze kuzifanyia mazoezi kwa babu mmoja anayepita kila siku, si katika umati wa arusi. Asilazimishwe kumkazia mtu macho. Achezwe na ndugu mmoja mchezo anaoupenda yeye, kisha wawili. Na akipiga kelele, aulizwe mzazi kwanza: ni kiu, ni makelele, au ni badiliko gani limemtisha? Fimbo humfundisha woga tu.

Tena wazazi wa Katumba wasiache lugha yao kwa kudhani kwamba Kirundi nyumbani na Kiswahili shuleni vitamchanganya mtoto. Uchunguzi uliofanywa kwa watoto wenye usonji wanaokua na lugha mbili haujaonyesha madhara hayo. Lugha anayoimudu mama ndiyo atakayomfundishia vizuri.

Hata hivyo, si haki kumwachia mama mzigo wote. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Lakini sheria haitembei yenyewe kutoka Dodoma hadi Katumba. Ni lazima ibebwe na watu. Muuguzi anayempima mtoto uzito amuulize mama kama mtoto hugeuka aitwapo na kama hunyoosha kidole, na anayetiliwa shaka apimwe masikio kwanza. Afisa Ustawi wa Jamii awakusanye wazazi wenye shida moja ili wafundishane. Halmashauri ihakikishe kwamba kila shule ina walau mwalimu mmoja aliyefundishwa kumpokea mtoto wa namna hii. Serikali ya kijiji na balozi wa nyumba kumi wawajue watoto hao kwa majina, si kwa ajili ya kuwaaibisha wazazi, bali mama anapokwenda shamba pawepo jirani wa kumtazama mtoto bila kumfungia.

Wahenga walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Wazee wa Katumba waliligeuza pori kuwa makazi kwa sababu hapana aliyeachwa afyeke peke yake. Moyo ule ule unatakiwa sasa. Mtoto mwenye usonji anaomba jambo dogo: aendelee kuitwa jina lake kila siku, hata siku zile ambazo hageuki.