Bunduki ya Kwenye Simu Ina Jina Jingine



Iko elimu moja ambayo vijana wa Kasongo na wa Kabambare wameipata bila mwalimu wala daftari, nayo ni elimu ya majina ya bunduki. Kijana anayekwama akiulizwa mito ya Maniema atawatajia pasipo kusita AKM, M416, SCAR-L, Kar98k na AWM. Ataeleza ipi hufika mbali, ipi humtikisa mpigaji, na ipi humaliza risasi upesi. Majina hayo ameyapata katika michezo ya simu, hasa Free Fire iliyotoka mwaka 2017 na PUBG Mobile ya mwaka 2018. Mmoja hushika simu, na wengine watano husimama nyuma ya bega lake wakitoa amri.

Wazazi wengi wakisikia maneno hayo huomba simu zinyang'anywe. Sisi tuliofundishwa ualimu tulipokezwa kanuni ya zamani: mwalimu humtoa mwanafunzi katika kile anachokijua na kumpeleka kwenye kile asichokijua. Kwa hiyo twapenda kuanzia pale pale vijana walipo, penye bunduki ya mchezo, na kuuliza: katika dunia ya kweli, bunduki hii ni ipi?

Swali hilo lina jibu karibu kila mara, kwa kuwa watengenezaji wa michezo hawabuni silaha nyingi, wananakili. M416 ya PUBG ni HK416 ya kampuni ya Kijerumani Heckler & Koch, iliyobadilishiwa herufi za mwanzo. Wengine wameficha zaidi. Katika GoldenEye 007, mchezo wa mwaka 1997, AK-47 iliitwa KF7 Soviet. Katika Counter-Strike ya kwanza iliitwa CV-47, na bastola ya Desert Eagle ikapewa jina la Night Hawk. Katika Call of Duty: Modern Warfare II ya mwaka 2022, mchezaji hupewa Kastov 762, naye mwenye macho huona mara moja kwamba ni Kalashnikov iliyobatizwa upya.

Kwa nini jina lifichwe na umbo libaki? Jina la bunduki ni mali ya kampuni, na palikuwa na mikataba ya fedha ili jina hilo litumike. Mwezi wa Desemba 2012, katika shule ya Sandy Hook huko Newtown, Marekani, kijana mmoja aliua kwa bunduki watoto 20 na wafanyakazi 6 wa shule. Mwaka uliofuata, kampuni kubwa ya michezo, Electronic Arts, ilisema kwamba haitafunga tena mikataba ya namna hiyo na viwanda vya silaha, lakini silaha zenyewe itaendelea kuzionyesha. Soma tena sentensi hiyo polepole, ndugu kijana. Malipo yalikoma, picha ikabaki. Sisi twaona kwamba hapo aliyelindwa hakuwa mtoto.

Kazi ya kufunua majina hayo si ya kitoto. Huko Leeds, Uingereza, liko jumba la makumbusho ya silaha liitwalo Royal Armouries, na mtunzaji wake wa bunduki, Jonathan Ferguson, amejulikana kwa kuzichungulia silaha za michezo na kueleza kila moja imenakiliwa kutoka wapi, na wapi mchoraji amekosea. Lakini kwetu Maniema ya kusini kazi hiyo ina uzito ambao haina kule Leeds, na hapo ndipo twataka kukawia kidogo.

Chukueni SLR ya PUBG. Hilo ndilo jina ambalo jeshi la Uingereza liliipa bunduki ya Kibelgiji tunayoijua kama FAL, yaani fusil automatique léger. FAL ilibuniwa na Fabrique Nationale ya Herstal, karibu na Liège, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1889, nayo ilianza kuenea majeshini katika miaka ya 1950. SCAR-L ambayo mnaisifu ni ya kampuni hiyo hiyo. Sasa waulizeni babu na bibi zenu waliokuwa hai mwaka 1964, Simba walipozitwaa Kasongo na Kabambare, kisha jeshi la taifa liliporudi pamoja na mamluki. FAL ilikuwa mikononi mwa askari na mamluki hao, na Simba nao waliitumia walipoiteka. Pengine babu hakulijua jina lake, lakini mlio wake aliujua, akaukimbia msituni. Mjukuu anayeichagua SLR katika kioo cha simu ameshika ndugu wa bunduki iliyomkimbiza babu yake, na hakuna aliyemwambia.

Tukienda nyuma zaidi, mji wetu wenyewe umekaa karibu sana na historia ya bunduki. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyeifanya Kasongo kuwa kiti chake, anajulikana duniani kote kwa jina la Tippu Tip. Katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili alieleza kwamba jina hilo watu walilitoa katika mlio wa bunduki zake. (Wapo wanaosema lilitokana na macho yake yaliyopepesa, sisi twafuata maneno yake mwenyewe.) Watu walimtambua mtu kwa sauti ya silaha kabla hawajamwona uso.

Kisha, mwezi wa Aprili 1893, kikosi cha Dhanis kiliingia Kasongo ya zamani, ile ambayo mahame yake twayaita Tongoni. Askari wake walibeba Albini, bunduki ya Kibelgiji iliyotiwa risasi moja moja. Tuliambiwa shuleni kwamba bunduki hizo zilileta uhuru kwa watumwa. Ni kweli kwamba biashara ya watumwa ilivunjwa. Lakini mwaka 1898 askari wa dola hilo hilo waliasi, wakaiteka Kabambare kwa silaha za dola lenyewe. Miaka mitano tu ilikuwa imepita. Aliyeona bunduki ikija kumtetea aliiona tena ikirudi bila kumtambua. Mchezo wa simu haumwambii kijana habari hiyo: kwamba silaha haina mwenyewe, hubadilisha mikono, na huishi kuliko vita iliyoileta.

Leo kila bunduki ya vita kwetu huitwa kalashi, kana kwamba zote zimetoka nyumba moja. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, ambao tangu mwaka 2004 hufuatilia mwendo wa silaha katika nchi yetu, hawaridhiki na jina hilo. Wao hutazama chuma. Nyingi kati ya zinazoitwa kalashi mashariki mwa Kongo ni Type 56, zilizotengenezwa China kwa kuiga ile ya Kirusi tangu mwaka 1956. Pete inayolinda kilengeo cha mbele, karibu na mdomo wa mtutu, imefungwa pande zote katika ile ya Kichina. Katika ile ya Kirusi iko wazi juu. Ubavuni mwaweza kuonekana namba 66 ndani ya pembetatu, alama ya kiwanda, na namba ya bunduki yenyewe. Kwa namba hiyo mtu aweza kuuliza: nani alikutengeneza, nani alikununua, nani alikupitisha mpaka ukafika hapa? Mkataba wa Kinshasa kuhusu silaha ndogo ndogo za Afrika ya Kati, uliopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2017, unadai silaha zitiwe alama kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo, kijana anayeweza kutofautisha bunduki mbili kwa pete ndogo ya chuma ana jicho ambalo dunia inalihitaji. Twasikitika tu kwamba mchezo humfundisha kulitumia jicho hilo kwa nusu ya safari. Mchezo umechunga kila kitu: mlio, uzito, idadi ya risasi. Umeacha ncha mbili. Ncha ya kwanza ni kiwanda na mfanyabiashara. Ncha ya pili ni mwili. Katika PUBG aliyepigwa hujifunga bandeji, na baada ya sekunde chache hukimbia tena. Anayekufa hurudi katika mchezo mwingine kabla chai haijapoa. Waliowahi kumbeba mtu wa risasi kwa machela au kwa pikipiki, katika barabara ya kutoka Kabambare wakati wa masika, wanajua ni saa ngapi.

Kuhusu ncha hizo mbili hatumjui shahidi mkubwa kuliko yule aliyeipa bunduki jina lake. Mikhail Kalashnikov alizaliwa mwaka 1919 na kufariki Desemba 2013. Maisha yake yote aliwajibu waandishi kwamba aliiunda silaha ili kuilinda nchi yake. Lakini mwaka 2012, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 90, alimwandikia Patriarka Kirill wa Kanisa la Waorthodoksi la Urusi barua iliyotangazwa baada ya kifo chake. Alieleza kwamba roho yake ina uchungu usiovumilika, na kwamba anajiuliza swali moja lisilokwisha: ikiwa bunduki yake imewatoa watu uhai, je, yeye, mtoto wa mkulima na Mkristo, ana hatia ya vifo hivyo, hata vikiwa vya maadui? Msemaji wa Patriarka alieleza kwamba silaha ikitumika kuilinda nchi, Kanisa huwaunga mkono walioiunda na askari wanaoitumia.

Twaheshimu Kanisa la wenzetu, lakini kwa maoni yetu swali la mzee lilikuwa zito kuliko jibu. Lafanana na lile aliloulizwa Kaini. Inakadiriwa kwamba silaha za ukoo wa Kalashnikov zimefika milioni 100 duniani. Mzee huyo, aliyeijua kila skrubu yake, hakuweza kuifuata hata moja mpaka mwisho wa njia yake.

Vijana watatujibu: ni mchezo tu. Tunakubali zaidi ya wanavyodhani. Kadogo waliotembea na AFDL mwaka 1996 hawakufundishwa na simu, kwa kuwa simu hizo hazikuwapo. Wala vijana walioingia msituni wakati RCD ilipoushika mji wa Kasongo na Mai-Mai wakaizunguka hawakuvutwa na mchezo wowote. Walivutwa na njaa, kisasi, woga, na mtu mzima aliyewaita. Anayedai kwamba Free Fire ndiyo iliyoleta vita kwetu anawasamehe watu wazima upesi mno.

Lakini anayewaita vijana angalipo. Katika Kabambare, kuelekea Salamabila na dhahabu ya Namoya, silaha hazijakoma kusikika, na mwitaji huyo hana haja tena ya kueleza sana. Anakuta kijana ambaye tayari anaisifu bidhaa yake na kuitaja kwa jina. Asichokijua kijana ni bei. Hilo ndilo linalotutia hofu, kuliko damu iliyochorwa kwenye kioo.

Liko pia jambo dogo ambalo twaliomba kwa mkazo. Mkifika kwenye kizuizi cha barabarani, msiitaje bunduki ya yule anayewasimamisha, wala msiitazame kwa kuichambua, wala msinong'onezane kwamba hii ni AKM au ni Type 56. Kwenu ni ujuzi wa mchezo. Kwa askari aliyechoka au kwa mtu wa msituni, kijana anayeijua silaha kwa jina ni mpiganaji wa jana au mpelelezi wa leo, naye hatangoja mweleze habari za PUBG.

Kwa vikundi vya Xaveri, Kiro na vinginevyo twapendekeza jioni moja ya kazi. Kila mmoja alete bunduki moja ya mchezo anaoupenda, kwa kuichora kwenye karatasi. Chini yake aandike jina la mchezo, jina la kweli, nchi na kiwanda. Kisha aende kwa mzee mmoja wa mtaa wake, aamkie kwa adabu, aulize kama bunduki ya namna hiyo ilipita hapa, mwaka gani, na mikononi mwa nani. Asilazimishe. Wako wazee, na hasa mama zetu, ambao hawatajibu, na kunyamaza kwao nako kuandikwe kwenye karatasi kama kulivyo.

Vikundi vya Kabambare na vya vijiji vilivyo karibu na machimbo vifanye kazi hiyo kwa Albini ya 1893 na FAL ya 1964 peke yake. Hizo zilizo karibu na leo ziacheni, wala msichukue karatasi hizo njiani.