Anayelihitaji Faili Si Wewe

Wanaotunza mafaili kwenye wingu wana msemo wao: washa kupakua pale unapohitaji, utaokoa bando. Utaokoa diski, ndiyo. Bando ni habari nyingine.

Tangu Windows 10 ya Oktoba 2017, OneDrive inaonyesha kwenye folda majina ya mafaili yako yote, hata yale ambayo data zake ziko mtandaoni tu. Tazama sifa za video moja hivi: ukubwa GB 4, nafasi iliyochukua kwenye diski sifuri. Mwenye laptopu ya GB 128 hapo lazima atabasamu. Lakini sifuri ile ni hesabu ya diski, na mwenye kulipia intaneti hajaingizwa humo.

Kwanza, nani anayehitaji? Wengi hudhani ni wao, kwa kidole chao. Kumbe ni programu yoyote inayotaka kusoma yaliyomo ndani ya faili. Nililipia somo hili siku niliponakili folda ya picha za harusi ya dada yangu kwenye flash, huku laptopu ikinywa intaneti ya simu yangu. Sikufungua hata picha moja. Bando liliisha kabla sijafika nusu ya folda.

Wajuzi watanijibu kuwa siku hizi hushuka kipande tu. Inawezekana, na ni ufundi mzuri kweli. Faili la ZIP huweka orodha ya yaliyomo mwishoni, kwa hiyo kuiona orodha hiyo kunahitaji mkia tu, hata faili likiwa na GB 2. Ila Windows inaiachia programu ya wingu ichague: ilete baiti zilizoombwa na kuishia hapo, ilete zilizoombwa kisha iendelee kimyakimya kuvuta zilizobaki, au ivute faili zima ndipo likubali kufunguka. Njia ya pili ndiyo inayodanganya macho. Video inaanza kucheza upesi, unatazama dakika moja, ukidhani umetumia kidogo, kumbe mvuto unaendelea mpaka uifunge au faili lishuke lote.

Nami sijaizima huduma hiyo ya kupakua pale ninapohitaji. Nikiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi naziwekea folda za kazi alama ya kubaki kwenye kompyuta, zishuke zote palepale. Nikitumia bando la simu, naifunga OneDrive kabisa kabla sijagusa chochote, flash ikiwa ya kwanza.