Mgonjwa Asiachwe Njiani Katika Wiki ya Tatu

Katika soko la Muthara, na katika vijiji vingi vya Tigania, habari ya mtu aliyepelekwa Nairobi "kuchomwa kwa mashine" husafiri upesi kuliko mgonjwa mwenyewe. Aliondoka akila na kuzungumza. Akionekana tena shingo imekuwa nyeusi, sauti imekwama, na hata uji haupiti. Majirani hukata shauri papo hapo kwamba mashine ndiyo inayomuua. Basi hushawishiwa abaki nyumbani, anywe mizizi. Shauri hilo laweza kumgharimu mtu maisha yake, na twaamini kwamba walimu na wanafunzi wana nafasi kubwa ya kulizuia.

Saratani ya kinywa, ya koo, ya zoloto na ya nyuma ya pua aghalabu hutibiwa kwa mionzi, siku tano kila wiki, kwa muda wa wiki sita au saba. Mara nyingi dawa kama sisplatini huongezwa ili kuitilia mionzi nguvu. Mwanafunzi aliyesoma mgawanyiko wa seli hahitaji mganga wa kumfumbulia yanayofuata. Mionzi na dawa hizo hudhuru zaidi seli zinazogawanyika upesi. Seli za saratani ni za aina hiyo, lakini ndivyo zilivyo pia zile za utando wa kinywa, za ngozi, na za uboho unaotengeneza damu. Utando wa kinywa huchakaa kila siku na kujijenga upya. Ukizuiwa kujijenga, hubaki kidonda.

Ndiyo maana wiki ya kwanza huweza kupita salama, kisha ya pili au ya tatu ikaleta wekundu, vidonda na maumivu ya kumeza. Mate hukauka au huwa mazito kama gundi, ladha ya chakula hupotea, ngozi ya shingo huchubuka, mwili hulegea. Dawa nazo huleta kichefuchefu, huweza kudhuru figo na masikio, na hupunguza chembe nyeupe za damu. Mambo haya huzidi kuelekea mwisho wa tiba, hata wiki moja au mbili baada yake, ndipo vidonda na ngozi huanza kupona. Ukavu wa kinywa waweza kudumu miezi au miaka, na mgonjwa asidanganywe kuhusu hilo.

Hatari iliyo kubwa kuliko vidonda ni kuikatiza tiba. Seli za saratani zilizosalia huzaana upesi katika siku hizo za kupumzika, na kila siku inayopotea hupunguza matumaini ya kupona. Tusisahau mwaka 2011, maelfu walipomiminika Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, Wakenya wakiwa miongoni mwao. Wapo walioacha dawa za hospitali baada ya kunywa.

Wala hatukubaliani na wanaomwambia mgonjwa kwamba mvumilivu hula mbivu. Maumivu ya vidonda hivi yana dawa, mofini ikiwa mojawapo, na daktari hawezi kutibu asiloambiwa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Meno yakaguliwe kabla mionzi haijaanza. Kinywa kisukutuliwe mara nyingi kwa maji yenye chumvi kidogo na magadi ya kuokea, na mswaki uwe laini. Uji wa wimbi uliopoa, maziwa, mayai na parachichi lililopondwa humezeka vyema kuliko githeri. Uzito ukishuka, mpira wa kulishia kupitia puani ni msaada, si dalili ya kifo. Joto la mwili likifika nyuzi 38 kwa anayetumia dawa hizi, asingoje asubuhi. Apelekwe hospitali usiku huo huo. Pombe, tumbaku na miraa viwekwe mbali na kinywa hicho. Twajua kwamba twasema haya katika nchi ya miraa.

Jambo la shule ni hili. Anayetibiwa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta yuko zaidi ya kilomita 200 kutoka Muthara, na hawezi kwenda na kurudi kila siku. Huhitaji malazi na mtu wa kumpikia, na mara nyingi mtu huyo ni binti au mwana aliyepaswa kuwa darasani. Mwalimu mkuu asimwandike mtoro kabla ya kuuliza. Mtoto anayeogopa kumkumbatia mamaye aelezwe kwamba mionzi inayotoka kwenye mashine ya nje haibaki mwilini. Aweza kulala naye na kula naye. Naye mwalimu aliyetibiwa koo asirejeshwe kufundisha vipindi vyote juma la kwanza. Apewe madaftari ya kusahihisha, na chupa ya maji mezani, mpaka sauti irudi.