Dodoso Halijagongwa Chapa

Muuza nyama anayepimia wateja kwa mizani isiyokaguliwa anavunja sheria. Wakala wa Vipimo wanaitaka mizani hiyo ihakikiwe kila mwaka na kugongwa chapa, na asipofanya hivyo faini inamsubiri. Yote hayo kwa ajili ya nusu kilo ya maini. Lakini karatasi inayoamua kama binadamu ana sonona au hana, au kama somo la afya limewaokoa vijana au limewapotezea muda, haina chapa wala mkaguzi. Na hakuna anayeona aibu.

Tazama karatasi hiyo inavyofanya kazi. Ni siku ya kliniki ya wajawazito, mabenchi yamejaa, na muuguzi mmoja ameshika PHQ-9, dodoso la maswali tisa la kupima sonona lililochapishwa Marekani mwaka 2001. Ni nakala iliyotolewa kwenye nakala ya nakala, mistari imepinda. Anasoma haraka haraka: katika wiki mbili zilizopita, umesumbuliwa mara ngapi na kukosa usingizi au kulala kupita kiasi? Kujisikia mchovu? Kukosa hamu ya kula? Mama ana mimba ya miezi minane, damu yake iko chini, na tangu alfajiri ameshateka maji na kuwapikia watoto uji. Anajibu: karibu kila siku, karibu kila siku, karibu kila siku. Kila jibu la namna hiyo ni alama 3. Tayari ana 9, na mstari unaotumika sana ni 10. Imebaki alama moja tu mimba iandikwe ugonjwa wa akili.

Anayemfuata kwenye foleni ni mama ambaye kweli haoni tena sababu ya kuamka asubuhi, lakini amekuja na mama mkwe, naye amekaa ubavuni. Kila swali analijibu, "Hapana, namshukuru Mungu." Anapata sifuri, anaambiwa nenda salama.

Simlaumu muuguzi. Yeye amepewa karatasi na idadi ya watu wa kuwajazia kabla ya mwisho wa mwezi. Wala sisemi PHQ-9 ni karatasi mbovu. Ilihakikiwa kwao, na hata Eldoret, Kenya, watafiti waliipima kwa watu wanaoishi na VVU wakachapisha matokeo mwaka 2009. Nawalaumu wanaodhani kazi ya Eldoret inamhusu pia mjamzito wa Kigoma, na wanaodhani kwamba karatasi ikishatiwa Kiswahili imeshakuwa ya kwetu. Kutafsiri ni kazi ya siku chache. Kuhakiki ni jambo jingine kabisa. Unawauliza watu kwa dodoso, halafu watu hao hao wanaonwa na mtaalamu wa magonjwa ya akili ambaye hajui wamepata alama ngapi. Kisha unalinganisha: dodoso limewakamata wangapi walio wagonjwa kweli, na limewasingizia wangapi walio wazima? Kama mstari haukukaa mahali pake, unausogeza, na swali lisilofanya kazi unalitoa.

Kazi hiyo imeshafanyika hapa hapa Dar es Salaam, na ndiyo maana hasira yangu ni kubwa. Mwaka 2002 Profesa Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha utafiti juu ya dodoso la Hopkins la dalili za sonona na wasiwasi, lenye maswali 25, waliloliwekea mtihani kwa wajawazito wanaoishi na VVU. Mstari uliozoeleka kwenye vitabu vya nje ni wastani wa alama 1.75: aliye juu yake ana dalili za kutosha. Kwa akina mama wale, mstari uliotenganisha vizuri wagonjwa na wazima ulikuwa 1.06. Rudia kuzisoma tarakimu hizo mbili. Daktari anayetumia ule wa vitabuni angewaambia wako salama akina mama ambao mtaalamu aliyekaa nao uso kwa uso angewaona ni wagonjwa. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba maswali manane kati ya yale 25 yalitosha kufanya kazi. Manane! Fikiria muuguzi wa kliniki iliyofurika angeokoa muda kiasi gani. Hebu nenda sasa kwenye miradi inayopima msongo na sonona mikoani, uombe kuonyeshwa mstari wao waliupata wapi. Utaambiwa, "Ndio unaotumika kimataifa."

Kimataifa! Neno hilo limefunika madhambi mengi, na si ya madodoso peke yake. Kwa miaka mingi maabara zilizokokotoa nguvu ya figo kwa kanuni ya CKD-EPI ya mwaka 2009 zilizidisha matokeo ya mtu mweusi kwa 1.159, yaani figo zake zilionekana bora kwa karibu asilimia 16 kuliko za mzungu mwenye damu ile ile. Namba hiyo ilitoka kwa Wamarekani weusi. Mganda, Mtanzania na Mkongo wakavishwa bila kupimwa. Wamarekani wenyewe waliachana nayo mwaka 2021. Mwaka 2022 utafiti uliofanyika Uganda, Malawi na Afrika Kusini ukaonyesha kwamba kanuni za aina hiyo, zinazotegemea kipimo cha kreatinini kwenye damu, zinawakosa wagonjwa wengi wa figo katika nchi hizo. Mgonjwa wa figo asiyejulikana leo ndiye anayefika hospitali amevimba, wakati kinachobaki ni dayalisisi asiyoweza kuilipia.

Niachane na vipimo, nije kwenye kinachonichoma zaidi: programu za elimu ya afya.

Kila msomaji aliyewahi kuhudhuria warsha anaijua sinema hii. Ukumbi wa hoteli, bango kitita, chupa za maji, karatasi ya kusaini posho. Asubuhi washiriki wanajibu maswali kumi: VVU huambukizwa kwa njia zipi? Taja dalili tatu za kifua kikuu. Mchana wanaambiwa majibu. Jioni wanajibu maswali yale yale kumi, na ajabu iliyoje, wamepanda kutoka nusu hadi karibu zote. Mchoro wa nguzo mbili, fupi na ndefu, unaingia kwenye ripoti, na chini yake pameandikwa kwamba mradi umeleta mabadiliko chanya kwa jamii. Jamii ipi? Kilichopimwa ni kumbukumbu ya saa sita. Hata kasuku angefaulu, naye haombi posho.

Mtu atasema: basi elimu haina maana? Ina maana, lakini ithibitishe. Na tunajua namna ya kuithibitisha, kwa sababu Mwanza walifanya hivyo kwa ukali ambao hadi leo nauvulia kofia.

Programu iliitwa MEMA kwa Vijana. Ilianza mwaka 1999 katika vijiji vya mkoa wa Mwanza, ikiendeshwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), shirika la afya la AMREF, Chuo cha Usafi na Tiba za Kitropiki cha London na serikali yetu. Darasa la tano hadi la saba walifundishwa afya ya uzazi na walimu wao wakisaidiwa na waelimishaji rika, watumishi wa vituo vya afya wakafunzwa kuwapokea vijana bila kuwakaripia, vijana wenyewe wakasambaza kondomu, na jamii ikahamasishwa. Wilaya yoyote leo ingeona fahari kuwa na programu ya namna hiyo. Lakini hawakuishia hapo. Jamii zilikuwa 20, na kwa bahati nasibu kumi zikapewa programu, kumi zikabaki za kulinganishia. Vijana zaidi ya 9,600 wakafuatiliwa kwa miaka mitatu. Na mwisho hawakuulizwa maswali tu. Walitolewa damu na mkojo.

Kwenye karatasi programu ilishinda. Vijana walijua zaidi kuhusu VVU na mimba, na mitazamo yao ikawa bora. Kama tathmini ingeishia hapo, kama inavyoishia kwenye miradi mingi, leo tungekuwa na sanamu ya MEMA kwa Vijana pale Kapripointi, jijini Mwanza. Damu ikasema vingine. Maambukizi ya VVU hayakupungua. Malengelenge ya sehemu za siri hayakupungua. Mimba hazikupungua. Watafiti wakadhani labda muda haujatosha, wakarudi mwaka 2007 na 2008, wakawapima vijana 13,814 wa miaka 15 hadi 30. Yale waliyofundishwa bado walikuwa wanayakumbuka, miaka minane au tisa baada ya programu kuanza. Na bado VVU ilikuwa ile ile pande zote mbili.

Kuna jambo jingine lililojitokeza Mwanza ambalo lilipaswa kumkosesha usingizi kila anayeandika ripoti za miradi. Miongoni mwa vijana ambao maabara ilithibitisha wameshafanya ngono, wavulana waliokiri hivyo kwenye madodoso yote mawili waliyoulizwa hawakufika theluthi mbili. Wasichana hawakufika hata theluthi moja. Msichana aliyekuwa na ugonjwa wa zinaa alimwambia mhojaji hajawahi kumjua mwanamume, na kwa nini asiseme hivyo? Mhojaji ni mgeni, shule iko pale pale, mwalimu yuko jirani. Walipokaa na mtu kwa mazungumzo marefu, ya taratibu, ndipo wasichana wale walipofunguka zaidi. Maana yake programu inayofundisha wasichana kwamba ngono ni hatari inaweza kupunguza idadi ya wanaokiri, isipunguze hata mmoja kati ya wanaofanya. Ripoti itang'aa huku wodi ya wazazi imejaa watoto wa kidato cha pili.

Nawapongeza watafiti wale kwa jambo ambalo wengine wangelifukia: walichapisha kwamba haikufanya kazi. Kushindwa kwao kulizaa maarifa. Cha kusikitisha ni jinsi tunavyoyatumia. Bado tunafadhili programu kwa sababu washiriki walifurahi, na bado tunahesabu vichwa vilivyofikiwa, wanafunzi elfu kadhaa, vipeperushi elfu kadhaa, kana kwamba kipeperushi kikishapokelewa virusi vinaogopa.

Wenzetu wa Kenya walipata somo la aina hiyo hiyo magharibi mwa nchi. Wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walijaribu mafunzo ya walimu juu ya mtaala wa taifa wa VVU, ule uliosisitiza kujizuia hadi ndoa. Peke yake haukupunguza mimba za wasichana wala magonjwa ya zinaa. Kilichowabakiza wasichana shuleni na kupunguza mimba ni sare za shule za bure. Ndiyo, sketi na blauzi. Kisha Dupas akajaribu kitu kidogo zaidi: kipindi kimoja cha dakika 40, video fupi, na takwimu zilizowaonyesha wasichana kwamba mwanamume mtu mzima ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na VVU kuliko mvulana wa rika lao. Mafataki, kama tulivyozoea kuwaita watu wazima wanaowarubuni wasichana, baada ya matangazo ya redio ya Fataki. Mwaka uliofuata mimba za wasichana zilipungua kwa asilimia 28. Na walihesabu mimba, si ahadi. Mimba haimpendezeshi mhojaji.

Nani angekisia kwamba kipindi kimoja na sare ya shule vingeushinda mtaala mzima? Hakuna. Ndiyo maana hatukisii, tunapima. Wanaosema kuhakiki ni anasa ya nchi tajiri wanasahau kwamba tajiri anaweza kumudu kupoteza pesa kwenye programu isiyofanya kazi. Wamarekani walipeleka polisi madarasani kufundisha watoto kukataa dawa za kulevya, programu ya D.A.R.E. iliyoanza Los Angeles mwaka 1983, na tathmini baada ya tathmini hazikuona dalili kwamba ilipunguza matumizi, nayo ikaendelea kufadhiliwa miaka na miaka. Wao wana hela za kuchezea. Sisi kila shilingi inayokwenda kwenye warsha ya bure imetoka kwenye glavu za mkunga.

Nasikia pia hoja kwamba watu wanakufa, hatuwezi kungoja utafiti. Watu wanakufa, ndiyo. Ndiyo sababu usiwape kitu usichojua kama kinasaidia, halafu ukaondoka umeridhika, kwa sababu baada yako hakuna atakayekuja kujaribu kitu kingine. Programu isiyofanya kazi inakalia kiti cha ile ambayo ingefanya.

Basi Wizara ya Afya iamue leo, maana haihitaji sheria mpya wala kikao cha Bunge Dodoma. Dodoso lolote linaloingia kwenye kituo cha umma liandikwe juu kabisa limehakikiwa wapi, kwa watu gani, mwaka gani, na mstari wake umetokana na nini. Programu yoyote ya elimu inayoomba kuenea nchi nzima ianze na wilaya chache za kulinganishia, na ipimwe kwa kitu ambacho mshiriki hawezi kukisema kwa kumfurahisha mgeni: mimba, damu, mahudhurio, vifo. Mfadhili anayegoma kulipia sehemu hiyo arudishiwe fedha zake. Na wewe mwalimu, muuguzi, mwenyekiti wa kijiji, mzazi uliyeletewa fomu na kalamu, usisaini kabla hujauliza: hii ilijaribiwa kwa watu kama sisi, na ilionekana nini? Asiye na jibu, mrudishie fomu yake.